Herufi Ilihama, Mwenzetu Akahukumiwa

Mwaka huu nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya methali katika insha, lakini yaliyotukia katika chumba chetu cha kompyuta muhula wa pili yamenibadilisha nia. Nina deni la kulipa, na kwa kuwa kosa lenyewe nililifanya hadharani, nalilipa hadharani.

Si mnaijua ile kompyuta kuukuu iliyo karibu na dirisha, ile tunayoiita Mzee? Mpaka leo inatumia Windows 98 na haina intaneti, lakini ndiyo pekee inayoelewana na printa yetu ya zamani. Kwa hivyo kazi zote za jarida hili huchapwa humo. Ndani yake mlikuwa na diski ngumu moja iliyogawanywa sehemu mbili: C ya programu na D ya kazi zetu. E ilikuwa ya CD, ambamo tunaweka kamusi. Hayo tuliyajua kama tunavyojua milango ya mabweni yetu.

Jumamosi moja fundi alikuja akaongeza diski ya pili, iliyotolewa katika mashine iliyokufa, ili Mzee apate nafasi zaidi. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alimshikia tochi na bisibisi, kisha akabaki kufagia. Jumatatu nilipofungua D, nilikuta tupu! Mashairi, insha, vitendawili, kazi 31 tulizozichapa kwa wiki sita, haikuonekana hata moja. Tukajaribu kamusi, ikatuambia tuingize CD, na CD yenyewe imo ndani. Tukasema, lo, hata hiyo ameiharibu!

Nani alitoka mwisho Jumamosi? Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Mimi, katibu wa chama, ndimi niliyelitaja jina lake mbele ya wanachama wote. Alipojitetea, "Mwalimu, mimi sijagusa kitu, nimefagia tu," baadhi yetu tulicheka. Akapigwa marufuku kuingia chumbani, na wakati wa chakula akawa anakaa peke yake. Shairi lake mwenyewe lilikuwa miongoni mwa zile kazi 31. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu afute shairi lake.

Alhamisi fundi alirudi kuchukua tochi yake. Tukamsimulia msiba wetu. Akatutazama, akauliza, "Nani amewaambia vimepotea? Hebu fungueni E." Tukafungua. Jamani! Kazi zote 31 zilikuwa pale, zimetulia tuli. Siku zote nne hatukuigusa E kwa sababu, bana, "E ni ya CD."

Kumbe herufi zilikuwa zimehama. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana jambo hili laweza kumpata yeyote.

Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981, ilitumia diski laini, zile flopi, na herufi A na B zikawa zao. Mwaka 1983 ikaja PC XT yenye diski ngumu, na diski hiyo ikachukua herufi iliyofuata, C. Ndiyo maana hata leo kompyuta isiyo na flopi huanzia C. Hizo za mbele, kuanzia D, hugawiwa kwa zamu.

Sasa, mashine ya DOS au Windows 98 haikumbuki jana nani aliketi wapi. Kila inapowashwa hugawa herufi za diski ngumu upya, na utaratibu wake ni kama foleni ya jikoni siku ya sherehe. Si viranja wa mabweni yote hupakuliwa kwanza, kisha ndipo sisi wengine? Basi, kila diski ina sehemu kuu, ambayo ndiyo kiranja, na yaweza kuwa na sehemu nyingine za ziada, ambazo ndizo wanafunzi wa kawaida. Mzee alimpa kiranja wa diski ya kwanza herufi C. Akamwita kiranja wa diski mpya, akampa D. Ndipo akairudia sehemu yetu ya ziada, akaipa E. CD ikasukumwa hadi F, na kamusi ikabaki kubisha hodi kwenye mlango wa E usio wake tena. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichoibwa. Tulikuwa tunamtafuta mtu katika kiti alichokwisha kuhama.

Maoni yangu ni haya: herufi si jina la diski, ni namba ya kiti tu. Anayeijua kompyuta kwa herufi peke yake haijui. Diski yaweza kupewa jina la kweli, hata kwenye Mzee, mradi lisizidi herufi 11, na jina hilo huandamana na diski popote inapohamia. Laiti sehemu yetu ingaliitwa MAKALA, Jumatatu ile tungaliona MAKALA imeandikwa kando ya E, na mwenzetu angalikula chakula chake kwa amani.

Wapo wanaosema dawa ni kuwafungia wanafunzi chumba, na wengine wanasema Mzee atupwe. Sikubaliani nao. Mlango ukifungwa, ujinga utabaki ndani na nje. Na mashine mpya nazo zina herufi. Ni kweli kwamba kuanzia Windows 2000 na XP, kompyuta huikumbuka herufi iliyoipa diski, na mwenye ruhusa anaweza kuibadilisha kwa programu ya kusimamia diski. Lakini ukiibadilisha herufi ya mahali palipowekwa programu, zitaendelea kutafuta anwani ya zamani na kukuambia hakuna kitu. Flashi nayo leo huweza kuwa E, kesho F, kutegemea kiti kilicho wazi. Somo hili halizeeki.

Fundi alitutengenezea hivi. Kwa kuwa diski mpya ilikuwa bado tupu, aliigawa upya isiwe na kiranja, iwe na sehemu ya ziada tu. Kazi zetu zikarudi D, na diski mpya ikapanga foleni nyuma yake, ikapata E. CD akaitengea herufi R, mbali kabisa na msongamano, kisha tukaiweka kamusi upya ili ijue makao mapya.

Napendekeza kwa uongozi wa shule na kwa wenzangu mambo matatu. Kwanza, kila diski ipewe jina, na orodha ya majina na herufi ibandikwe ukutani. Pili, yeyote atakayefungua kompyuta au kubadilisha herufi, awe fundi, mwalimu au mwanafunzi, aandike katika daftari alichofanya kabla ya kutoka. Tatu, kazi za chama ziwe na nakala mahali pengine, nje ya mashine hiyo. Haya hayahitaji pesa.

La nne si la kompyuta. Kitu kikipotea, tukitafute kwanza kabla ya kumtafuta mwizi. Kufungua herufi zote za Mzee kungetuchukua dakika moja. Sisi tulichukua siku nne kumtesa mtu asiye na hatia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na ujinga wangu ukawa adhabu ya mwingine.

Marufuku iliondolewa siku ileile, na nilimwomba radhi mbele ya wanachama walewale waliomcheka. Alinijibu kwa maneno machache: "Nilikuambia nimefagia tu." Shairi lake limo humu jaridani. Ukilisoma, kumbuka kwamba kwa siku nne lilikuwa hatua moja tu kutoka mahali tulipokuwa tukililia.

Naweka kalamu chini. Wasalaam.

Katibu wa Chama, Kidato cha Nne