STAA NA NYUZI 180: TATIZO SIYO JOTO, NI KILICHOMO NDANI

Wiki hii kuna staa mmoja (jina nalihifadhi, mnamjua wenyewe) kajirekodi na kivepu mkononi, anasema mjani ukiupasha nyuzi 180 bila kuuunguza hauna noma, eti ni mvuke tu. Video haikunishtua. Zilizonishtua ni komenti. Madogo wa hapa hapa Singida mjini wanaulizana: niweke 180 au 200?

Tumpe haki yake kwanza. Ukiwasha msokoto, moto unaleta lami na kaboni monoksidi. Kupasha bila kuunguza kunapunguza hayo, hapo hajadanganya. Ila kupunguza siyo kumaliza. Kinacholevya bado kipo, na ukipandisha joto kinatoka kingi zaidi.

Halafu hivi vikalamu vinavyouzwa kwa kificho, vingi havina hata kipimajoto. Vile vitaa vya rangi vinaonyesha nguvu ya umeme, siyo joto. Sasa hizo nyuzi 180 umezisoma wapi, bro?

Na mara nyingi ndani hamna majani, ni mafuta. Sisi wa Singida mafuta tunayajua, wengine alizeti ndiyo ilitulipia ada. Mafuta ya alizeti yana vitamini E, unakula na ngozi inang'aa. Lakini kinachofaa kwenye sufuria siyo lazima kifae kifuani. Mwaka 2019 kule Marekani watu, wengi wao vijana, walianza kujaa hospitali hawawezi kuhema. Hadi Februari 2020 walikuwa wamefika 2,807 ukijumlisha waliokufa, na waliokufa walikuwa 68. Wengi walikuwa wamevuta vepu za bangi, za kupewa na washkaji au kununua mtaani. Kitu kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, iliyochanganywa humo kuongeza ujazo wa mafuta. Kuila au kujipaka haina neno, ikiingia kwenye mapafu ni balaa. Kiskrini kinakuambia joto, hakikuambii kimechanganywa nini.

Polisi naye hapimi nyuzi. Kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, bangi ni kosa, iwe moshi au mvuke. Staa akidakwa ana meneja na wakili, wiki ijayo anatoa wimbo. Wewe wa Misuna ukidakwa, ni mama yako anayepanga chupa za mafuta barabarani ndiye atafunga biashara akahangaike na wadhamini.

Kwa hiyo staa wetu, kama kweli unatujali, tuambie hicho kikalamu kakitengeneza nani na kaweka nini humo. Hujui? Basi futa hiyo video, maana wanaokuamini hawajui pia, na wao ndio wanavuta.

Nyie mnaonaje wadau? Staa kazingua au mimi ndiyo mshamba? Dondosha komenti hapo chini, ila majina ya watu tusitaje.