Jeraha la Tumbo: Picha au Matundu?
Matibabu ya jeraha la kisu, panga au risasi lililopenya tumboni huamuliwa kwanza na hali ya majeruhi. Shinikizo la damu likishuka, utumbo ukitokeza nje au tumbo likikakamaa, apasuliwe mara moja. Kungoja picha ni kuhatarisha maisha.

Aliye imara ndiye mwenye nafasi ya vipimo. CT-Scan huonyesha vizuri ini, bandama na figo, lakini tundu dogo la utumbo, au la kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, laweza kuipita. Upasuaji wa matundu madogo (laparoskopia) huliona tundu la kiwambo, hasa upande wa kushoto, na huweza kuliziba papo hapo. Hata hivyo, unahitaji dawa ya usingizi na mikono iliyozoea, na jeraha la utumbo bado laweza kufichika.

Kwa wakazi wa kando ya Mto Ruvuma, la msingi ni rufaa ya mapema kwenda Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, na tumbo kupimwa kwa mkono mara kwa mara kwa saa 24. Mashine za vipimo hivi zinunuliwe, lakini akiba ya damu na wataalamu wa usingizi vitangulie.