Peugeot Haikustahili Hukumu Ile

Nimeisoma kwa makini makala ya ndugu mwandishi aliyedai kuwa magari ya Kifaransa yameumbwa kwa ajili ya lami laini tu, na kwamba mwenye akili hana budi kununua la Kijapani; nami, kwa taadhima zote anazostahiki, naikataa kauli hiyo, kwani haina ithibati.

Katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, ambamo vumbi na tope la masika viliyavunja magari mengi ya fahari, Peugeot 404 ya Kifaransa ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na mdogo wake, 504, akashinda mwaka 1975 na 1978. Je, hilo ndilo gari la lami? Siri yake ni dhahiri: springi zake ni ndefu na laini, gurudumu hushuka shimoni na kupanda bila bodi kutaharuki, hata abiria waliosongamana katika zile teksi za safu tatu za viti, zilizokuwa zikipanda na kushuka Bonde la Ufa, waliweza kusinzia.

Sikatai kwamba Datsun ya Kijapani iliyashinda mashindano hayo mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, wala kwamba spea za Toyota hupatikana kwa wepesi. Lakini wepesi huo ni fadhila ya biashara, si ya chuma chenyewe, na kuyachanganya mambo mawili hayo ni kukosa insafu. Namsihi ndugu yangu, kabla ya kuandika tena, aiendeshe 504 iliyotunzwa na fundi mwaminifu.