Draiva ya GPU Ikatae Isichokijua

Hapa Molo mnunuzi makini hukagua gunia la viazi kabla halijapanda lori. Keneli ya Linux nayo ikague vivyo hivyo kazi ambazo programu huiomba ipeleke kwa GPU.

Mfano ni Panfrost, draiva ya GPU za Mali iliyoingia Linux 5.2 mwaka 2019. Ombi lake lina anwani ya kazi, kumbukumbu itakayotumika, ishara za kusubiri na sehemu ya mahitaji. Hitaji isilolijua hulirudisha kwa kosa la EINVAL.

Wengine huuita ukali. Kwangu ni hekima. Linux haivunji programu za zamani. Biti ikipuuzwa leo, programu fulani itatuma takataka humo, na kesho hutaweza kuipa biti hiyo maana mpya. Mwaonaje?