Dzaleka na Lilongwe: Ufagio Upumzike

Mvua zinapokolea mwezi Januari, sehemu zisizofikiwa na jua katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, huota utando wa kijani: chini ya ukuta wa nyuma, kando ya mfereji wa bomba, juu ya tofali lililosahauliwa. Hiyo ni kuvumwani, mmea mfupi kuliko ukucha, usio na mizizi ya kweli wala maua. Hakuna aliyeipanda na hakuna anayeimwagilia. Kufikia Juni imekauka na kuwa rangi ya udongo, na mara nyingi ufagio umeshaikokota pamoja na takataka.

Kila alfajiri, Dzaleka na katika vitongoji vya mji mkuu, Lilongwe, kama Kauma, Mtandire na Chinsapo, mama na binti zake hufagia uwanja mpaka lisibaki hata jani moja. Desturi hii haikuzaliwa Malawi peke yake. Wakimbizi waliotoka Uvira, Bukavu na Bujumbura walikuja nayo, na Mtanzania wa Kigoma ataitambua mara moja. Uwanja mweupe ni heshima ya nyumba. Mgeni akikuta majani yametapakaa, anayelaumiwa ni mwenye nyumba. Basi anayesema kwamba ufagio huu unaharibu anagusa jambo la staha, na inampasa aseme kwa adabu. Hata hivyo ni lazima lisemwe: uwanja unaofagiwa hadi udongo, mwaka hadi mwaka, unawanyima watu wa Dzaleka maji na mboga, na unaupelekea mto Lilongwe tope.

Tone la mvua likidondoka juu ya udongo mtupu huupiga kwa nguvu. Chembe hutawanyika, zile laini kabisa huziba vitundu ambavyo maji yangepitia, na baada ya mvua mbili tatu juu panakuwa na ukoko mgumu. Mvua inayofuata haipati pa kuingilia. Inateleza, inakusanyika, inachimba mfereji katikati ya nyumba na kuondoka na tabaka la juu, lile lenye rutuba. Tathmini ya upotevu wa udongo Malawi iliyofanywa kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mwaka 2014 nchi ilipoteza kwa wastani tani 29 za udongo kwa kila hekta. Udongo huo haupotei hewani. Unaonekana katika mito Lilongwe na Lingadzi kila masika, maji yakiwa mekundu kama matofali.

Kuvumwani inafanya kinyume cha ufagio. Inafunika. Majani yake membamba hupokea tone kabla halijagusa udongo, hunywa maji moja kwa moja bila kungoja mizizi, na huyaachia taratibu. Jua likiwaka hukauka kabisa, lakini haifi. Aina nyingi hurudi kuwa kijani dakika chache tu baada ya kulowa. Moja kati ya aina zinazojulikana zaidi, Bryum argenteum, inapatikana katika kila bara, Antaktika ikiwemo, na inapenda hasa pale palipokanyagwa na watu. Nyingine, Funaria hygrometrica, ni maarufu kwa kutangulia mimea mingine mahali palipoungua moto.

Mwaka 2023 watafiti walioongozwa na David Eldridge wa Australia walichapisha katika jarida la Nature Geoscience matokeo ya uchunguzi uliogusa mabara yote. Walikadiria kuwa kuvumwani inayoota juu ya udongo imetanda eneo la kilometa za mraba milioni 9.4 duniani, na kwamba udongo ulio chini yake umehifadhi tani bilioni 6.43 za kaboni zaidi ya udongo ulio wazi. Hapo hazijahesabiwa kazi nyingine: kuzungusha virutubisho, kusaidia kuoza kwa majani, kupunguza vijidudu vya magonjwa ya mimea.

Wakazi wengi wa Dzaleka hawahitaji kusimuliwa habari hizi kutoka mbali. Aliyekulia Kivu, chini ya milima ya Kahuzi, au karibu na Rwenzori, ameona matawi ya miti yaliyovikwa kuvumwani nene inayodondosha maji hata siku isiyo na mvua. Mrundi anaujua msitu wa Kibira. Mnyarwanda anaijua Nyungwe, na ndani yake bwawa la Kamiranzovu, ambako mimea ya jamii hii na mingine ya majimaji imelundikana bila kuoza na kugeuka mboji nzito. Ardhi za namna hiyo ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini zimefungia kaboni nyingi kuliko misitu yote ikijumlishwa. Vijito vya milima ile havikauki wakati wa kiangazi kwa sababu juu yake ardhi imefunikwa.

Je, basi Dzaleka ipande bustani za kuvumwani, kama ile ya hekalu la Saihō-ji mjini Kyoto, yenye aina zipatazo 120? Hapana. Kyoto ina unyevu karibu mwaka mzima. Nyanda za Lilongwe na za Dowa, wilaya yenye kambi ya Dzaleka, hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Kumwagilia kuvumwani kwa ndoo iliyopangiwa foleni kwenye pampu kungekuwa ukatili. Inayoota yenyewe kivulini iachwe, isikwanguliwe. Ukutani ni jambo jingine: katika nyumba ya tofali za udongo, kijani kinachopanda ukuta ni onyo kwamba maji yanarukia pale, na dawa yake ni kurefusha ukingo wa paa na kuelekeza mfereji kwingine. Kwenye ngazi na sakafu ya bomba isuguliwe, maana inatelezesha watoto. Lakini kazi yake ya kufunika udongo inaweza kufanywa mwaka mzima na vitu ambavyo Malawi inavyo kwa wingi.

Cha kwanza ni kiazi kitamu. Mche wake hutambaa, majani yake yanaukinga udongo na jua la Oktoba, na matembele yanaliwa. Maboga na kunde nazo hufanya hivyo hivyo, na majani yake pia ni mboga. Kwa familia inayongoja mgao wa chakula ambao umekatwa mara kadhaa miaka ya karibuni kwa uhaba wa fedha, mmea unaofunika ardhi na kuliwa una thamani kubwa kuliko bustani ya mapambo.

Cha pili ni matandazo. Wilaya za Dowa na Lilongwe zinalima karanga na mahindi kwa wingi, na baada ya mavuno maganda na mabua hubaki. Mengi huishia motoni. Mashambani mabua huchomwa ili kusafisha shamba, na wakati mwingine ili kuwafukuza panya mashimoni, wale wanaouzwa kando ya barabara wakiwa wamebanwa kwenye vijiti. Mjini, majani ya mijakaranda na miembe hufagiwa, hurundikwa na kuwashwa. Gunia moja la majani hayo, likitandazwa kuzunguka mche wa mpapai, linapunguza safari za kwenda kuteka maji, kwa sababu udongo wa chini unabaki na unyevu siku nyingi baada ya mvua ya mwisho.

Hapa ndipo umuhimu wa Dzaleka unapoonekana. Kambi hii, iliyo kilometa zipatazo 40 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali ambapo utawala wa Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, ulikuwa umewafungia wapinzani wake wa kisiasa. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Malawi iliweka masharti yake ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, yakiwemo yanayohusu mali na ajira, na mwaka 2021 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini. Mwaka 2023 amri hiyo ilitekelezwa kwa nguvu. Mwenye duka Lilongwe alijikuta tena Dzaleka, hana duka, hana shamba. Ardhi pekee aliyo nayo ni hatua chache kati ya mlango wake na mlango wa jirani. Kuifanya ardhi hiyo iwe sakafu tupu ni hasara ambayo wenye mashamba wanaweza kuivumilia. Yeye hawezi.

Wanaopinga wana hoja nzito, na ni vizuri zijibiwe. Nyoka hujificha kwenye majani, na mtoto anayecheza uwanjani lazima aonekane. Mchwa nao hupenda mabua makavu, na wakishafika ukutani hupanda hadi kwenye fremu ya mlango na mbao za paa. Wasiwasi huo ni wa kweli. Jibu lake ni kugawa uwanja. Ukanda wa hatua moja au mbili kuzunguka nyumba ubaki safi, pamoja na njia na mahali pa kupikia. Baada ya hapo ardhi ifunikwe, kwa mimea inayotambaa pale inapopata maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na kwa matandazo membamba pale yasipofika. Shimo dogo lililojazwa taka za jikoni na kuzungushiwa migomba mitatu minne hunywa maji machafu ambayo sasa hutuama na kuzaa mbu.

Haya si maneno ya kubuni ofisini. Magharibi mwa Lilongwe, eneo la Chitedze, familia ya Nordin iliyohamia Malawi mwaka 1997 imegeuza uwanja wa kawaida kuwa bustani yenye chakula cha kila msimu, kwa kuanza na hatua hiyo hiyo ya kuacha kufagia na kuchoma. Taasisi ya Kusamala, jirani na mji, imefundisha kilimo cha namna hiyo kwa miaka mingi. Luwayo Biswick, aliyepitia Kusamala, alianzisha kituo chake wilayani Mchinji na kuonyesha kwamba mkulima wa Kimalawi hahitaji mfadhili ili afunike shamba lake. Kutoka huko hadi Dzaleka si safari ya siku mbili. Lililopungua ni watu wa kuyapeleka mafunzo hayo kambini kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, kwa mikono, uwanjani kwa mtu.

Yafundishwe, yasilazimishwe. Malawi inayo kumbukumbu chungu ya kulinda udongo kwa viboko. Enzi za ukoloni, nchi ikiitwa Nyasaland, sheria za kilimo zilizojulikana kama malimidwe ziliwalazimisha wakulima kupiga matuta kwa vipimo vya wakoloni, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Udongo ulihitaji kulindwa kweli, lakini watu waliyachukia matuta kwa sababu waliamriwa, na hasira ile ikachangia vuguvugu la kudai uhuru. Wakimbizi wameamriwa mambo ya kutosha. Mwanamke mmoja atakayevuna matembele mbele ya nyumba yake mwezi Agosti, jirani zake wakiwa na vumbi, atawashawishi watu wengi kuliko tangazo lolote la kipaza sauti.

Lilongwe nayo isijione haihusiki. Mji huu ulipochukua nafasi ya Zomba kuwa makao makuu mwaka 1975 ulisanifiwa uwe mji wa bustani, wenye miti mingi na nafasi kati ya eneo na eneo. Hifadhi ya asili iliyo kando ya mto Lingadzi, katikati ya mji, bado inaonyesha ardhi ya Lilongwe ilivyo ikiachwa na majani yake: laini, nyeusi, yenye kivuli, na kuvumwani kwenye mawe wakati wa mvua. Nje ya uzio wake udongo umepigwa ukawa kama saruji. Kwa upande wa juu, msitu wa Dzalanyama, unaoulisha mto Lilongwe na mabwawa ya Kamuzu yanayounywesha mji, umekatwa kwa miaka mingi ili kupata kuni na mkaa. Mji unaokausha chanzo chake cha maji hauna sababu ya kuchoma barabarani kwake majani yanayoweza kuhifadhi maji.

Ukame wa mwaka 2024 haujasahaulika. Machi mwaka huo Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28, mwaka mmoja tu baada ya kimbunga Freddy kuuporomosha udongo wa kusini juu ya nyumba za watu. Nchi inayopata mvua nyingi mno mwaka huu na kukosa mwaka ujao inahitaji ardhi inayoweza kunywa na kutunza.

Halmashauri ya Jiji la Lilongwe ikataze kuchoma majani na itenge mahali pa kuyakusanya, watu wa bustani wayachukue bure. Wenye mashine za kubangua karanga Dowa wawape Dzaleka maganda badala ya kuyawasha. Mashirika yanayohudumia kambi yagawe vipando vya viazi vitamu mwanzoni mwa mvua, Novemba, wakati ardhi inapopokea kila kinachochomekwa. Nanyi mnaoshika ufagio kila alfajiri, acheni kona moja ya uwanja mwaka huu, ile yenye kivuli, mpaka mvua ziishe. Mkiona udongo wake mwezi Juni, mtaamua wenyewe kuhusu uwanja uliobaki.