Faini ya Kuchelewa na Iwekewe Mpaka

Mkulima wa Uasin Gishu hupanda mahindi mvua za masika zinapoanza, akavuna mwishoni mwa mwaka, kisha akangoja zamu ya kukaushiwa na kupimiwa magunia yake katika maghala ya Eldoret, na fedha zake aghalabu humfika baadaye. Ilhali mkopo wa simu alionunulia mbolea, au kadi aliyolipia karo, humdai kwa hesabu ya mwezi, na siku ya pili baada ya muhula kwisha faini huanza kumwandama.

Simtetei mdeni mkaidi, kwani dawa ya deni ni kulipa, na mwia ana haki ya kufidiwa hasara ya kungoja. Lakini fidia haina budi kulingana na hasara; ikizidi hapo si fidia tena, ni dhulma.

Sheria yetu haikunyamaza. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, chaikataza benki kudai riba inayozidi deni lililosalia siku mkopo ulipoharibika, na Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikawafunga wakopeshaji wa simu kwa kamba ile ile. Hivyo deni la shilingi 10,000 halizai zaidi ya shilingi 10,000 nyingine, ukiacha gharama za kulidai. Insafu hiyo ni kubwa, ila humfika mdeni akiwa amekwisha kuanguka, kwa kuwa mkopo huhesabiwa umeharibika ukifikisha siku 90 bila kulipwa, na ndani ya siku hizo ndimo faini inamomla.

Wako wanaohofu kwamba mpaka utawafukuza wakopeshaji, wakikumbuka riba iliyofungwa mwaka 2016 ikafunguliwa 2019 baada ya wafanyabiashara wadogo kunyimwa mikopo. Hofu hiyo ina asili, lakini riba ni bei ya mkopo, na faini si bei. Marekani, kwa sheria ya 2009, faini ya kadi haiwezi kuzidi malipo ya chini kabisa yaliyompasa mdeni mwezi ule, na kadi hazikutoweka.

Basi nawasihi waheshimiwa wabunge wetu waiandike sheria iliyo bayana: faini itozwe juu ya kilichochelewa tu, si juu ya deni zima, faini isizae faini, na kiwango chake kitajwe kwa shilingi, kwa Kiswahili, kabla mkopaji hajakubali. Mkulima atalipa deni lake; asilipishwe na kuchelewa kwa mavuno.