Nakili Kwanza, Ndipo Ubadilishe

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanabadilisha mfumo wa kompyuta zao. Fundi husema, "Hakuna kitakachopotea." Msikubali haraka. Oktoba 2018, toleo jipya la Windows 10 hiyohiyo lilifuta mafaili ya baadhi ya watu mpaka Microsoft ikasimamisha kulitoa. Kuhamisha kutoka C kwenda D hakutoshi, kwani mara nyingi hizo ni sehemu mbili za diski moja. Ikifutwa yote, vyote vimekwenda. Tafuteni diski ya nje. Kisha, na hapa ndipo wengi huzembea, ifungueni kwenye kompyuta nyingine. Sauti ya marehemu babu akisoma Qur'ani inasikika? Picha za mahafali zinafunguka? Kama bado, fundi asubiri.